Tiba ya Seli za Kinga na Mgonjwa wa Endulen

Mwananchi wa Karatu au Ngorongoro anaposikia kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa inajaribiwa kutibiwa kwa seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, ni haki yake kuelezwa tiba hiyo imefikia wapi. Seli nyeupe hutolewa katika damu, hubadilishwa maabara ili zitambue protini iliyo juu ya seli za saratani, kisha hurudishwa mwilini. Njia hiyo imefanikiwa zaidi katika baadhi ya saratani za damu. Kwa tezi dume ingali katika majaribio, na madhara yake, yakiwemo homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu, huhitaji uangalizi wa karibu hospitalini.

Tiba iliyo jirani nayo, sipuleucel-T, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010. Iliongeza uhai kwa takriban miezi 4, na bei yake ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 93,000 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa mzee wa Endulen kikwazo huanza mapema zaidi. Akikojoa kwa shida huona ni uzee tu (na mara nyingi kweli si saratani), hivyo huenda akafika Karatu maumivu yakiwa yamekwisha kuingia mifupani. Kipimo cha damu cha PSA hutoa ishara ya kutilia shaka. Uthibitisho hutokana na sampuli ya nyama ya tezi, na rufaa huelekea KCMC, Moshi, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ugonjwa ukigunduliwa ungali ndani ya tezi, upasuaji au mionzi, tiba zilizopo nchini, huweza kuuponya.