Majina ya Mitaa Yetu Yana Mambo

Msomaji mpendwa, kila uchao unamsikia utingo akiita abiria: "Burma! Kariokor! Shauri Moyo!" Je, umewahi kujiuliza majina haya yalitoka wapi?

Tuanze na Kariokor. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyotamka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914-1918. Maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na njaa. Soko la Burma nalo latukumbusha vijana wetu waliopelekwa kupigana nchini Burma katika vita vya pili.

Shauri Moyo je? Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilibomoa kijiji cha Pangani. Watu waliokuwa na nyumba zao wenyewe walihamishiwa nyumba za manispaa, hapo Shauri Moyo. Nao ukumbi wa Kaloleni ulikuwa baraza la wananchi kujadili siasa kabla ya uhuru wa 1963.

Basi wewe mwanafunzi, likizo ikifika chukua daftari, umwendee babu au nyanya wa mtaani kwenu. Muulize, uandike. Nyumba kuukuu zinabomolewa na wazee wanatuaga. Jina litabaki, lakini asipokuwepo ajuaye maana yake, litakuwa kelele za utingo tu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.