Herufi Katika Daftari la Hesabu

Mzazi afunguapo daftari la mtoto aliyeingia Gredi ya 7, akaona herufi x mahali alipozoea kuona tarakimu, mara nyingi hulifunga upesi na kusema kwamba hesabu za siku hizi hazimhusu. Hilo ni kosa, maana mtoto asiyeielewa aljebra mwaka huo huchechemea hadi Gredi ya 9.

Herufi hiyo si uchawi. Mkulima akiuza magunia 3 ya mahindi, akalipa shilingi 500 za gari, akabaki na shilingi 8,500, bei ya gunia moja ndiyo x. Huongeza 500, akapata 9,000, akagawanya kwa 3: ni shilingi 3,000. Wakulima huifanya kazi hii sokoni bila kalamu. Naye fundi wa nyumba apimaye kwa kamba futi 3, 4 na 5 ili apate pembe mraba ya msingi, hutumia kanuni ya Pythagoras, ambayo imo katika masomo ya Gredi ya 7.

Basi si lazima mzazi awe mwalimu. Jioni na amwombe mtoto aeleze kila hatua kwa maneno, hata kwa lugha ya nyumbani. Aliyenakili majibu ya mwenziwe atakwama, na hapo mzazi atapata jambo la kumwuliza mwalimu mapema, kabla ya mtihani wa Gredi ya 9. Wala asiseme kwamba ukoo wao haukujaliwa hesabu. Mtoto husadiki, akaweka kalamu chini.