Tupime Mashimo Wenyewe

Barabara yetu ya Kikima ikitengewa fedha za kuzibwa mashimo, tusiridhike kuhesabu malori. Tudai makadirio.

Hesabu yenyewe si siri ya wahandisi. Shimo hupimwa baada ya kingo zake kukatwa wima na vifusi kuondolewa, wala si kabla. Hapo ndipo udanganyifu hupata mwanya. Shimo la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 10 lahitaji mita za ujazo 0.08. Kokoto zilizochanganywa na lami na kushindiliwa barabara huwa na uzito wa karibu tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo; basi shimo hilo lataka kilo 190 hivi. Mashimo kumi ya namna hiyo hayafiki tani 2. Kidogo kitapotea njiani, twakubali. Lakini mwenye kudai tani 4 na aeleze.

Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa matengenezo ya barabara juu ya mafuta, nasi huulipa hata katika nauli ya matatu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Makanisa na yanunue utepe wa kupimia, yaombe karatasi ya makadirio kabla lori la kwanza halijamwaga.