Homa ya Ini C: Namba Inayotisha Bila Sababu

Miongoni mwa majibu yote ya maabara anayokabidhiwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya C, hakuna linalotisha kuliko wingi wa virusi, kwa kuwa namba hiyo mara nyingi huwa na tarakimu sita au saba, na msomaji asiyeelezwa hukisia kwamba mwenye milioni 6 amekaribia kaburi kuliko mwenye laki 4. Kisio hilo ni kosa, tena kosa lenye gharama, maana humkatisha tamaa mwenye namba kubwa, humbwetesha mwenye namba ndogo, na wote wawili huwatoa fedha mfukoni kurudia kipimo ambacho, katika ugonjwa huu, kina kazi mbili tu: kuthibitisha kwamba virusi vimo mwilini, na baadaye kuthibitisha kwamba vimetoka.

Chimbuko la kosa hili katika Afrika Mashariki halina fumbo. Kwa miaka mingi kliniki za VVU zimewafundisha watu, na zimewafundisha vyema, kwamba wingi wa virusi ukishuka hadi kutoonekana basi virusi vimefubaa, na ukipanda juu ya nakala 1,000 kwa mililita kuna jambo la kuchunguzwa, ama katika umezaji wa dawa ama katika usugu wa virusi vyenyewe. Kwa VVU, namba kubwa kabla ya tiba huashiria pia kasi ya kinga kuporomoka. Na kwa homa ya ini aina ya B, utafiti wa muda mrefu uliofanyika Taiwan ulionyesha kwamba wenye virusi vingi ndio waliokabiliwa zaidi na saratani ya ini na sirosisi, yaani hali ya ini kujaa makovu na kusinyaa. Homa ya ini aina ya C haifuati kanuni hiyo. Mtu anaweza kuishi na mamilioni ya virusi ini lake likiwa na makovu machache sana, ilhali mwingine mwenye elfu 50 tayari ana sirosisi, kwa sababu ini huharibiwa kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya seli zilizoambukizwa, mapambano ambayo madhara yake huongezwa na umri, pombe, mafuta yaliyojaa kwenye ini, maambukizi ya VVU na urefu wa miaka ambayo ugonjwa umekaa.

Kabla ya kufika kwenye namba hiyo hutangulia kipimo cha kingamwili, ambazo ni protini zinazotengenezwa na mwili baada ya kukutana na virusi. Kingamwili zikionekana hujulisha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Hazisemi kama virusi bado vimo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 30 kati ya 100 wanaoambukizwa huviondoa wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, lakini kingamwili zao hubaki kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Isitoshe, mahali ambapo ugonjwa ni wa nadra, sehemu kubwa ya majibu chanya ya kipimo cha haraka huweza kuwa ya uongo hata kama kipimo chenyewe ni kizuri. Kumwambia mtu kwamba anaumwa homa ya ini C kwa kutazama kingamwili peke yake ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na hukumu hiyo ikishaingia katika ndoa au kazini, kuifuta ni shughuli pevu.

Ushahidi wenyewe hupatikana kwa kutafuta vinasaba vya virusi, ambavyo ni vya aina iitwayo RNA. Mashine huvizidisha hadi vihesabike, na jibu huandikwa kwa vipimio vya kimataifa katika kila mililita ya damu, vipimio vilivyowekwa chini ya Shirika la Afya Duniani ili jibu la maabara ya Nairobi lilinganishike na la Mwanza au Muscat. Kipimio kimoja hakimaanishi kirusi kimoja, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Jibu hilohilo huandikwa pia kwa logi, yaani idadi ya mara ambazo 10 huzidishwa kwa yenyewe hadi kuifikia namba husika, hivyo laki moja ni logi 5 na milioni moja ni logi 6. Wataalamu huipenda logi kwa sababu badiliko lililo chini ya nusu logi, ambalo ni takriban mara tatu, huhesabiwa kuwa yumbayumba ya kawaida ya mwili na ya mashine. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa, na ambaye namba yake imetoka 900,000 hadi 2,000,000, huona imepanda zaidi ya maradufu na huanza kutafuta alichokula. Kwa logi imetoka 5.95 hadi 6.30, na kitabibu hakuna kilichobadilika.

Katika namba ndogo ndipo penye tofauti ya kuzingatiwa. Mashine nyingi huhesabu kwa uhakika kuanzia vipimio 15 au karibu na hapo, kwa hiyo jibu linalosema kwamba virusi vimegunduliwa lakini viko chini ya 15 si sawa na jibu linalosema kwamba havikugunduliwa. La kwanza ni la kawaida mgonjwa akiwa katikati ya dozi. Likija miezi mitatu baada ya dozi kwisha, hudai kipimo kirudiwe.

Mgonjwa anayepekua mtandaoni atakutana na kauli kwamba wingi unaozidi 800,000 ni mkubwa na ni dalili mbaya. Kauli hiyo ni masalia ya enzi za sindano za intaferoni, zilizochomwa kwa wiki zinazofikia 48 na kuponya sehemu tu ya waliozivumilia, na namba hiyo ilisaidia kubashiri nani angepona. Baadaye kilitumika kikomo cha milioni 6 kuamua nani angeweza kumeza vidonge vya ledipasvir na sofosbuvir kwa wiki 8 badala ya 12. Kwa mchanganyiko wa sofosbuvir na daclatasvir unaotumika sana leo, mtu asiye na sirosisi humeza wiki 12 awe na elfu 20 au milioni 20. Kinachobadilisha mpango wa tiba ni hali ya ini, ambayo hukadiriwa kwa FIB-4, hesabu nyepesi inayounganisha umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe za damu zinazosaidia kuganda, au kwa mashine inayopima ugumu wa ini bila kulichoma. Mgonjwa mwenye hamu ya kujua ameathirika kiasi gani aulizie vipimo hivyo. Ni vyema pia, kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe homa ya ini B, ambayo huweza kuamka C inapoondoka, na amweleze daktari kama anatumia rifampisini ya kifua kikuu, kwani hupunguza nguvu ya dawa hizi.

Jibu lenye uzito kuliko yote ni la wiki ya 12 baada ya kumaliza dawa. Virusi visipogunduliwa siku hiyo, mgonjwa amepona, na neno kupona hapa halina chumvi, kwa kuwa virusi hivi, tofauti na VVU, havijifichi ndani ya vinasaba vya seli za binadamu vikisubiri dawa isimame. Kwa jumla waliopona katika tafiti za dawa hizi wanazidi 95 kati ya 100. Lakini Rwanda, iliyotangaza mpango wa kuitokomeza homa ya ini C mwishoni mwa 2018, ilitoa onyo: katika utafiti uliotumia ledipasvir na sofosbuvir, waliopona kwa jumla walikuwa 87 kati ya 100, ila kwa wenye aina ndogo ya virusi iitwayo 4r, waliopona walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Katika ukanda wenye virusi vya namna hiyo, kukiacha kipimo cha mwisho kwa kuwa mgonjwa anajisikia nafuu ni uzembe usiotetewa.

Aliyepona hubaki na kingamwili, na hilo huleta tatizo la kiofisi zaidi ya la kiafya. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaoomba kazi katika nchi za Ghuba hupimwa homa ya ini C, na jibu chanya la kingamwili huweza kusomwa kama ugonjwa ulio hai. Kinga yao ni karatasi ya RNA isemayo kwamba virusi havikugunduliwa. Kupona hakuzuii kuambukizwa upya, kwa hiyo mwenye wasiwasi baadaye apimwe RNA moja kwa moja, maana kingamwili hazitamwambia jipya.

Mashine za GeneXpert zilizonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kufanya kipimo hiki cha RNA kwa muda usiozidi saa mbili, na katriji yake ilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Dozi kamili ya sofosbuvir iliyouzwa kwa dola 84,000 nchini Marekani ilipoanza Desemba 2013 imekwisha kununuliwa, kwa matoleo yasiyo na chapa, kwa chini ya dola 100. Wizara za afya zielekeze fedha zao kwenye vipimo viwili vya lazima, cha mwanzo na cha mwisho, ziache vya katikati visivyobadilisha tiba, na ziziagize maabara kuandika chini ya namba sentensi moja ya Kiswahili inayosema kama virusi vimo au havimo. Naye anayemaliza vidonge vyake wiki hii aandike tarehe ya wiki ya 12 kwenye kadi yake ya kliniki, na aende kupimwa siku hiyo hata kama anajiona mzima.