Dhahabu ya Migori na Udongo wa Kericho

Watu wengi wa Kericho na Bomet huuliza swali moja lenye maana: Iweje dhahabu ichimbwe Migori na Kakamega, nchi zilizo jirani zetu, na hapa kwetu isionekane? Wako wasemao kwamba ipo ila imefichwa. Na wako wajanja ambao, kwa kuyajua maneno hayo, huwauzia wenzao mawe yang'aayo. Basi, ndugu msomaji, yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake, maana ajuaye kilicho chini ya shamba lake hadanganyiki upesi.

Chini ya sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, na chini ya Ziwa Viktoria, hata kuingia magharibi ya Kenya na kusini-mashariki ya Uganda, umelala mwamba wa kale mno. Wataalamu huuita Kratoni ya Tanzania. Sisi twaweza kuuita ngao, kwa kuwa ni mpana na mgumu, nao umeyahimili mapigo mengi. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Ndani yake mna mawe ya matale, yaani graniti; mna mawe ya rangi ya kijani yaliyotokana na volkano zilizozimika zamani zile; mna pia kokoto na matope ya mito ya kale yaliyogandamana yakawa mawe. Katika nyufa za mawe hayo yalipanda maji ya moto kutoka chini, yakaacha mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwatzi, na pamoja nayo dhahabu.

Mahali ngao hiyo ilipo wazi, mtu aweza kuigusa kwa mkono. Atokaye Kericho akateremka kwa basi mpaka Kisumu, kisha akashika njia ya Bondo, ataona Kit Mikayi, mawe makubwa ya graniti yaliyopandana kama yamepangwa na mafundi. Mawe ya jamaa hiyo hiyo yamesimama katika maji ya ziwa pale Mwanza. Na mahali ngao ilipo wazi ndipo wachimbaji walipopata riziki. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, na watu wakamiminika huko. Huko Migori palikuwa na mgodi wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu. Upande wa Tanzania iko Geita; na huko Mwadui, karibu na Shinyanga, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi hizo zilipandishwa juu na volkano kutoka chini sana, penye mizizi ya ngao yenyewe.

Basi Kericho je? Kwetu ngao haiko wazi. Kati ya miaka milioni 10 na 15 iliyopita, nchi ya upande huu wa Bonde la Ufa ilipasuka, ikatoa mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Yalitiririka, yakajaza mabonde ya zamani, yakapoa. Kisha mengine yakaja juu yake, tabaka juu ya tabaka. Hivyo ndivyo uwanda wetu wa juu ulivyojengwa, na ukingo wa mashariki wa ile ngao ukafunikwa. Jiwe hilo huitwa fonolaiti, na maana ya jina lake kwa Kiyunani ni jiwe litoalo sauti. Wavunja kokoto hawahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa kuwa kipande chembamba kikigongwa kwa nyundo hulia kama chuma.

Ushahidi wa zamani hizo twanao wilayani kwetu. Huko Fort Ternan, mwaka 1961, Dk. Louis Leakey alichimbua mifupa ya kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa, aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Mifupa hiyo ilihifadhiwa katika udongo uliofunikwa na majivu ya volkano. Miaka milioni 14 yaonekana mingi, lakini mbele ya ngao ni michache. Umri wote wa ngao ukihesabiwa kuwa siku moja, tangu jua kutua hata kutua tena, lava yetu ilifika katika dakika nane za mwisho au pungufu.

Sasa tutazame faida ya jiwe hili changa. Graniti imejaa kwatzi, na kwatzi haiozi. Kwa hiyo graniti ikichakaa huacha mchanga, na mara nyingi udongo wake huwa mwepesi na wa kina kidogo. Fonolaiti haina kwatzi. Mvua ikiinyeshea kwa muda mrefu jiwe lote huoza, likawa udongo laini wa mfinyanzi, mwekundu kwa sababu ya chuma kilichobaki ndani yake. Mvua hiyo hiyo huosha chokaa na chumvi nyingine, na udongo ukawa na ukali wa asidi. Mimea mingi haiupendi ukali huo, bali mchai huutaka. Pia mchai hutaka kina, ili mizizi yake iyafikie maji wakati wa kiangazi. Na udongo wa Kericho, na wa Bomet upande wa Konoin, mara nyingi hupita mita mbili kabla ya kufika kwenye jiwe. Ndiyo maana mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa hapa katika miaka ya 1920.

Tena ngao ya kale haikuacha kutusaidia, ingawa imezikwa. Mizizi yake ni minene na baridi, yashuka kilomita 150 au zaidi. Bonde la Ufa liliposhindwa kuipasua, lilizunguka kando zake, mkono mmoja mashariki na mmoja magharibi. Nchi ya kati ikabaki kama sahani, na mito iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi ikazuiwa upande huo ulipoinuka. Maji yakajaa katika sahani hiyo, nalo ndilo Ziwa Viktoria. Upepo wa ziwa hupanda kwetu kila alasiri ukiwa na unyevu. Unapofika kwenye miinuko hupoa, nayo mvua hunyesha, na mara nyingine mvua ya mawe. Ukishuka kusini kuelekea Chepalungu mvua hupungua, na mashamba ya chai yaachia nafasi mahindi na malisho.

Basi jibu la swali letu ni hili: Migori walipewa ngao iliyo wazi, na sisi tulipewa kifuniko chake. Dhahabu ikichimbwa haioti tena. Lakini je, udongo? Inchi moja ya udongo hutaka miaka mia kadhaa kuundwa kutoka jiweni, bali mvua moja kubwa yaweza kuiondoa katika mteremko ulio wazi. Mtu akisimama juu ya daraja la Nyando au la Sondu wakati wa masika, ataona maji mekundu yakienda ziwani. Wekundu ule ni shamba la mtu, na ukishafika ziwani hakuna awezaye kuurudisha.

Mchai uliofunga vizuri huulinda udongo kuliko mimea mingi, kwa kuwa majani yake huyapokea matone ya mvua kabla hayajaipiga ardhi. Hatari iko mahali pengine. Iko katika michai michanga isiyotandazwa nyasi kati ya mistari. Iko katika shamba la mahindi linalolimwa kutoka juu kwenda chini, badala ya kukingama mteremko. Iko katika kingo za mito zilizolimwa mpaka majini. Tena iko katika desturi ya kubeba kuni matawi yote yaliyopogolewa. Matawi hayo yakiachwa shambani huifunika ardhi na kurudisha chakula chake. Yakipelekwa jikoni, mwenye shamba hulazimika kununua mbolea ili kulipa aliyoyachoma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye ng'ombe huwahesabu kila jioni, na mwenye duka huandika kila senti. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoupima udongo wao? Chimba shimo moja juu ya mteremko na jingine chini yake, upime kina cha udongo mweusi wa juu katika kila moja, uandike na tarehe. Rudia mwakani karibu na hapo hapo. Ukiona cha juu kimepungua, usingoje mwaka wa pili. Weka makinga-maji na kupanda nyasi kabla ya masika.