Barua ya Wazi Kuhusu Kisu cha Mfukoni Kisichokuwa na Kisu

Kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Abiria, katika kiwanja cha ndege ambacho jina lake linahifadhiwa humu kwa heshima, ingawa mwenyewe atakitambua.

YAH: ZANA YA MFUKONI ILIYOTWALIWA BILA STAKABADHI

Kichwa cha barua hapo juu chahusika. Kwa heshima na taadhima, Mkurugenzi anaandikiwa hadharani jambo ambalo lingeweza kumalizwa na watu wawili faraghani, kwa sababu barua zilizotangulia, zilizopelekwa kwa utaratibu wa kawaida na kugongwa muhuri wa kupokelewa pale masjala, hazikupata jibu. Muhuri huo usipuuzwe, kwa kuwa unathibitisha kwamba ofisi ya Mkurugenzi inajua vizuri namna ya kukiri kwa maandishi kwamba imepokea kitu cha mtu.

Kilichopokewa bila kukiriwa ni zana ya mfukoni ya kazi nyingi, yaani kifaa kimoja chenye vipande kadhaa vya chuma vinavyozunguka kwenye misumari midogo ya bawaba na kujikunja ndani ya mpini, ili mtu abebe mahali pamoja vitu ambavyo vingejaza mfuko mzima wa fundi. Ukoo wa zana hizi una matawi mawili makubwa. Tawi la kwanza ni la Uswisi, ambako Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa ambacho ndicho babu wa visu vyekundu vya Victorinox vinavyojulikana leo. Humo kisu ndicho kiini, na vingine vyote vimekizunguka. Tawi la pili ni la Tim Leatherman, Mmarekani aliyezunguka Ulaya mwaka 1975 na gari lililomsumbua njia nzima, akiwa na kisu cha mfukoni kisichokuwa na koleo, na ambaye kuanzia mwaka 1983 aliuza kutoka Portland zana ambayo kiini chake ni koleo, au plaizi kama wasemavyo mafundi, na kisu ni nyongeza tu. Tofauti hiyo si ya kitaaluma peke yake, kwa sababu katika tawi la pili kisu kinaweza kuondolewa kabisa na zana ikabaki na maana yake.

Mwenye kuchagua zana ya kubeba kila siku huanza na kazi zake. Fundi wa pampu za maji zinazotumia umeme wa jua, kwa mfano, hukaza skrubu za nyota, hukata waya mwembamba, hushika nati isiyoshikika kwa vidole na huchana utepe wa boksi. Katika hayo yote mkasi na bisibisi hutumika mara nyingi kuliko makali ya kisu, ukweli ambao wanunuzi wengi huugundua baada ya kununua lile jitu lenye vipande ishirini na kuona linavyotoboa mfuko wa suruali. Visu vidogo vya Uswisi vyenye urefu wa milimita 58 hupotea kiganjani lakini havimtoshi fundi. Vya milimita 91 ndivyo vinavyopendwa na wengi. Vya milimita 111 huwa na loki, yaani kipande kinacholizuia bapa, ile sehemu ya chuma yenye makali, lisijikunje lenyewe na kukata vidole. Kwa mkazi wa pwani lipo pia suala la kutu. Hata chuma cha pua hakisalimiki kwa hewa ya chumvi, hasa penye bawaba ambapo jasho na vumbi hukaa, na dawa yake ni maji safi, kitambaa kikavu na tone la mafuta. Ama zana bandia, ambazo zimejaa madukani, ncha ya bisibisi ndiyo inayozisema, kwa kuwa skrubu moja ngumu hutosha kuimegua pembe. Na mkasi ujaribiwe kwa mfuko laini wa plastiki, kwani mkasi mbovu huukunja mfuko badala ya kuukata.

Kigezo cha mwisho, ambacho kingepaswa kuwa rahisi kuliko vyote, ni sheria. Loki inayomlinda mtumiaji ndiyo inayomponza mbele ya sheria za baadhi ya nchi: Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1988, humruhusu mtu kutembea bila kutoa sababu na kisu kinachokunjwa ambacho makali yake hayazidi inchi 3, lakini mahakama zake zimeamua kwamba chenye loki hakimo katika ruhusa hiyo. Mtu anaweza kuiona sheria hiyo kuwa ngumu, ila hawezi kusema kwamba haijui, kwa sababu imeandikwa na ina kipimo, na anayetaka kuitii huchukua rula akaitii.

Ndivyo ilivyo hata katika ndege. Kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliruhusu abiria kuingia na bapa la chini ya inchi 4; baada ya siku ile ikayakataza yote, na biashara ya visu vya Uswisi, ambayo ilitegemea sana maduka ya viwanjani, ikapata pigo kubwa. Umoja wa Ulaya umeandika sentimita 6. Kanada iliandika kipimo hichohicho mwaka 2017, isipokuwa kwa safari za kwenda Marekani. Wamarekani nao walitangaza mwezi Machi 2013 kwamba wangerudisha visu vidogo, wahudumu wa ndege wakapinga kwa nguvu, na mwezi Juni mpango ukaachwa; yaani walibishana mchana kweupe, juu ya namba inayojulikana, na kila abiria akajua walikoishia. Hata hivyo nchi hiyo, iliyo kali kuliko hizo nyingine zilizotajwa, huruhusu katika mzigo wa mkononi zana isiyo na bapa ambayo urefu wake hauzidi inchi 7, pamoja na mkasi wa chini ya inchi 4 ukipimwa kutoka kwenye msumari wa katikati.

Mwandishi wa barua hii alichagua kwa kufuata kipimo hicho, ambacho ndicho kikali kuliko vyote alivyovisoma. Alinunua zana ya Leatherman iitwayo Style PS, iliyobuniwa bila kisu kwa ajili ya wasafiri: koleo la springi, mkasi, bisibisi, tupa ya kucha, kibanio na kifungua chupa, vyote katika uzito wa gramu 45 hivi, na ikiwa imekunjwa urefu wake unakaribia ule wa kidole kirefu cha mtu mzima. Uchaguzi huo ulikuwa na gharama yake, kwa sababu kwa bei hiyohiyo angepata zana yenye kisu kizuri, lakini aliona heri kuukosa ukali kuliko kuukosa utulivu getini.

Mkurugenzi anaijua meza ya ukaguzi ya ukumbi wa safari za ndani na hana haja ya kuelezwa ilivyo. Mkaguzi aliitoa zana kwenye trei, akafungua mkasi na kuufunga, akafungua tupa ya kucha, akalibana koleo na kuliachia, kisha akauliza kisu kiko wapi. Alijibiwa kwamba hakipo. Akaigeuza zana, akakitafuta mwenyewe, akakikosa, na baada ya kukikosa akatamka kwamba hicho ni kisu, akaidondosha katika pipa la plastiki ambalo tayari lilikuwa na viwembe, mikasi ya kushonea na bisibisi za mafundi wengine. Tangazo la ukutani lilikuwa na maneno manne, "vitu vyenye ncha kali," bila sentimita, bila inchi, bila hata picha. Stakabadhi ilipoombwa, jibu lilikuwa kwamba utaratibu huo haupo.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko haya. Usalama wa abiria ni jambo zito, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka mkaguzi afumbe macho. Anayetwaa kitu kwa makosa anaweza kusahihishwa, lakini anayetwaa bila kuandika hawezi kusahihishwa na yeyote, akiwemo Mkurugenzi mwenyewe. Bila stakabadhi, mwenye mali hawezi kuidai, kwa kuwa hana cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa nayo. Bila stakabadhi hawezi kukata rufaa, kwa kuwa hakuna uamuzi ulioandikwa wa kukatiwa rufaa, wala jina la aliyeamua, wala kifungu alichokitumia. Bila stakabadhi hata mkaguzi mwaminifu, na wapo, hana namna ya kuthibitisha kwamba zana iliyotoka mkononi mwa abiria ilifika inakopaswa kufika. Mlinda baiskeli wa sokoni, ambaye ofisi yake ni kivuli cha mwembe, humpa mteja kipande cha boksi chenye namba. Mamlaka yenye kompyuta, kamera na mashine ya eksirei imeshindwa kufikia hapo. Barua hii haidai kwamba yaliyomo katika pipa lile huuzwa mtaani. Inasema tu kwamba, kwa kukosekana stakabadhi, Mkurugenzi hawezi kuuonyesha umma kwamba hayauzwi.

Madhara mengine yatajwe kwa kifupi. Sanduku kubwa la zana la mwandishi, ambaye ndiye fundi wa pampu, lilikuwa limetangulizwa kisiwani kwa boti na likachelewa. Fundi alifika kisiwani jioni duka la vifaa likiwa limefungwa, kifuniko cha mtambo wa pampu kikiwa kimekazwa kwa skrubu nne za nyota. Shule iliyokuwa ikisubiri maji ikaendelea kusubiri, na ujira wa siku ukakatwa.

Utetezi uliotolewa mezani, kwamba "ni sheria za kimataifa," nao unahitaji kuchunguzwa. Usalama wa anga unaongozwa na Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho huitaka kila nchi iwe na mpango wake wa kuzuia silaha na vitu vya hatari visiingizwe ndani ya ndege. Orodha ya vitu hivyo na vipimo vyake huandikwa na nchi zenyewe, na ndiyo maana Ulaya ina sentimita 6, ilhali Marekani haina hata moja. Kwa hiyo kama kiwanja hiki kina kipimo kikali kuliko cha Marekani, ni haki yake, na abiria atakiheshimu. Kinachohojiwa ni kipimo kilichowekwa kifuani mwa mkaguzi wa zamu, ambacho hubadilika zamu inapobadilika. Uthibitisho wake uko hatua chache kutoka mezani pale, ambapo abiria aliyenyang'anywa tupa ya kucha huuziwa kinywaji katika chupa ya kioo na kutakiwa safari njema.

Ingekuwa afadhali kama tabia hii ingeishia kiwanjani. Raia anayebeba zana kwa kazi halali huikuta kwenye geti la bandari, kwenye mlango wa mahakama, kwenye uwanja wa mpira na kwenye ofisi ya serikali ambako amekwenda kulipa kodi: kila geti lina boksi lake, kila boksi lina mlinzi wake, na kila mlinzi ana sheria yake, ambayo humalizika kwa maneno "acha hapa, utachukua ukitoka," huku wakati wa kutoka mlinzi mwingine akiwa hajui habari hiyo. Taasisi za umma zimezoea kumdai mwananchi karatasi kwa kila hatua, kuanzia barua ya serikali ya mtaa hadi nakala ya kitambulisho iliyothibitishwa na wakili, na hazijazoea hata kidogo kudaiwa karatasi na yeye. Ndipo uchaguzi wa kisu cha mfukoni, jambo dogo ambalo fundi angelimaliza kwa kuangalia kazi yake na mfuko wake, unapogeuka kubahatisha hulka ya mtu aliyekaa getini.

Mkurugenzi anaombwa mambo ambayo hayahitaji bajeti ya maendeleo wala semina elekezi. Tangazo la ukutani liandikwe upya kwa vipimo, likitaja bapa, mkasi, bisibisi na koleo kila kimoja kwa urefu wake, na likieleza kama zana isiyo na bapa inaruhusiwa au hairuhusiwi. Abiria aliyekosea apewe nafasi ya kurudi kukipakia kifaa katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, au kifaa kifungwe katika bahasha na kukabidhiwa kwa wahudumu hadi mwisho wa safari, jambo linalowezekana kabisa katika ndege ndogo za visiwani ambazo rubani huonana na abiria wake uso kwa uso. Kitakachotwaliwa kiandikiwe stakabadhi yenye tarehe, aina ya kifaa, jina la mkaguzi na mahali pa kukifuata. Na ile zana isiyokuwa na kisu, kama ingali pipani, irudishwe kwa mwenyewe. Kama haipo, ielezwe ilikokwenda.

Majibu yaletwe kwa maandishi. Ya mdomo yalishatolewa mezani.