Msumeno mkuukuu mpakani na sheria iliyo msumeno

BUSIA na Malaba ndiko neno bodaboda linakosemekana kuzaliwa, enzi waendeshaji baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka ofisi za forodha za upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na miongoni mwa mizigo inayofungwa kwa mipira nyuma ya kiti kimo chombo ambacho wachache hukitilia maanani. Ni msumeno wa mnyororo uliokwishatumika, uendeshwao kwa petroli, ambao wengi huuita pawasoo.

Kwa kijana asiye na mtaji, msumeno huo wa mitumba ni ajira. Kwa fundi wa jua kali, ni mashine inayoweza kufufuliwa na kuuzwa kwa faida. Kwa mlinzi wa msitu, ni silaha. Wote watatu wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo.

Ili kuelewa kwa nini chombo hiki kinatafutwa, sharti kurejea Februari 2018. Mwezi huo serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa mara kadhaa. Jopo lililoundwa kuchunguza hali ya misitu, likiongozwa na Bi Marion Wakanyi Kamau wa Green Belt Movement, liliwasilisha ripoti mwaka huohuo iliyoonyesha jinsi uharibifu ulivyokithiri.

Hata hivyo, marufuku hayakuondoa haja ya mbao. Nyumba ziliendelea kuezekwa na shule kuhitaji madawati. Wafanyabiashara waligeukia mbao kutoka Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nyingine zikipitia Busia na Malaba. Aidha waligeukia miti iliyomo mashambani mwa watu binafsi, hasa mikaratusi, ambayo haikuguswa na marufuku yale.

Mti wa shambani haukatwi na kiwanda kikubwa. Hukatwa na vijana wawili au watatu wanaoitwa na mwenye shamba, wakaangusha miti michache, wakaipasua papo hapo na kuondoka. Kazi ya namna hiyo huhitaji chombo cha kubebeka, na kwa kuwa msumeno mpya wa kampuni yenye sifa hugharimu fedha ambazo kijana wa kijijini hana, soko la vilivyotumika likapata wateja.

Julai 2, 2023, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hayo. Mwezi uliofuata Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha hatua hiyo kwa muda, baada ya Chama cha Wanasheria nchini kuwasilisha kesi. Mvutano huo ulionyesha jinsi taifa lilivyogawanyika kati ya wanaohofia misitu na wanaohofia riziki. Mwenye msumeno alibaki katikati, asijue kesho ataruhusiwa kufanya nini.

Magharibi mwa Kenya jambo hili lina uchungu wake. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye, kilomita chache kutoka barabara iendayo Malaba, kilifungwa mwaka 2009, na maelfu ya watu waliotegemea ukataji na usafirishaji wa magogo wakapoteza kazi. Ujuzi wa kukata miti haukufungwa pamoja na kiwanda. Ulibaki mikononi mwa watu, ukitafuta pa kutumika.

Sasa na tuutazame msumeno wenyewe. Zinazosakwa zaidi ni mashine za kampuni mbili za Ulaya, Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Uswidi. Mashine kubwa kama Stihl 070, yenye injini ya zaidi ya sentimita 100 za ujazo, hupendwa kwa kupasulia mbao kwa sababu ina nguvu na muundo wake ni rahisi. Fundi mwenye vifaa vichache anaweza kuifungua na kuifunga tena chini ya mti.

Lakini rahisi huvunja upishi. Injini ya msumeno haina hodhi la oili kama injini ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa 50 iwapo oili ni ya ubora unaopendekezwa na mtengenezaji, au sehemu moja kwa 25 iwapo ni ya kawaida. Mtumiaji anayekadiria kwa macho, au anayebana matumizi kwa kupunguza oili, huikwaruza pistoni na silinda hadi injini ikakwama. Mashine nyingi zinazofika kwa mafundi zikiwa maiti ziliuawa hivyo.

Fundi mwaminifu huanza kwa kuuliza kilichoua injini. Huenda ni mchanganyiko mbaya wa mafuta. Huenda ni sili za shafti zilizochakaa na kuingiza hewa, au kabureta iliyoziba. Asipotibu chanzo, pistoni mpya atakayoweka itakwaruzika kama ile ya kwanza baada ya siku chache. Fundi mwenye haraka hubadilisha pistoni, hung'arisha ganda kwa rangi na kuiuza mashine ikiwa bado ina ugonjwa uleule.

Mnunuzi mwangalifu ana njia za kujikinga. Akifungua ekzosi anaweza kuchungulia ubavu wa pistoni kupitia tundu la moshi na kuona kama ni laini au una mikwaruzo. Akiuinua msumeno kwa kamba yake ya kuwashia, injini ikiwa imezimwa, mashine yenye mgandamizo mzuri hushuka polepole, ilhali iliyochoka huporomoka. Apaswa pia kuitazama nambari iliyochongwa mwilini mwa mashine. Nambari iliyokwanguliwa ni onyo lisilohitaji mfasiri.

Tatizo jingine ni vipuri. Kuna vipuri halali vya kampuni nyingine visivyojificha, na kuna bandia vilivyopachikwa majina ya Stihl au Husqvarna. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, lakini sheria hiyo haiwezi kusimama kando ya kila meza ya fundi. Matokeo yake ni msumeno wenye ganda la Ujerumani na moyo usiojulikana ulikotoka, ukiuzwa kwa jina la ganda.

Gharama ya ubovu huo haimwangukii mnunuzi peke yake. Mnyororo wa msumeno mzuri hukimbia kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Ncha ya bao la kuongozea mnyororo ikigusa gogo vibaya, msumeno wote huruka kumrudia anayeushika, usoni au shingoni. Breki ya mnyororo ilibuniwa kwa ajili ya hatari hiyo na ikaanza kuenea katika miaka ya 1970. Mashine nyingi za zamani hazina breki hiyo, na katika nyingine imeng'olewa au imekufa bila kutengenezwa, kwa sababu mashine hukata hata bila breki.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana. Mnyororo hula upana wa milimita 8 hivi kila unapopita, ilhali msumeno wa utepe wa kiwandani hula milimita 2 au 3. Ukipasua mbao zenye unene wa sentimita mbili na nusu kwa mnyororo, karibu robo ya gogo hugeuka unga. Bao likiwa limepinda na meno yakiwa hayakunolewa sawasawa kwa tupa, hasara huzidi. Miti mingi zaidi huangushwa ili kupata mbao zilezile.

Kuhusu mpaka, wengi hudhani kwamba kwa kuwa Kenya na Uganda zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu mwaka 2005, kila kitu huvuka bila ushuru. Sivyo. Utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama. Mahindi ya Tororo yanafaa. Msumeno uliotengenezwa Ujerumani, Uswidi au China haugeuki kuwa wa Afrika Mashariki kwa sababu tu umekaa Kampala.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta pamoja na Rais Yoweri Museveni, ili msafiri ahudumiwe na nchi zote mbili mahali pamoja. Malori yamenufaika. Lakini mtu mwenye chombo kimoja asiyejua thamani yake itakadiriwaje, na asiye na risiti ya kilikonunuliwa, huona ni nafuu kupita njia za panya. Watu wa Teso na Samia wana ndugu pande zote mbili, na kwao mpaka ni mstari uliochorwa na wengine.

Anapofanya hivyo, hupoteza kitu ambacho huenda asikikumbuke hadi siku ya shida, nacho ni ushahidi. Chombo kilichopita njia za panya hakina karatasi. Mwenye chombo halali na mwizi hufanana mbele ya afisa wa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepatikana na hatia ya kupokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Na hata mnunuzi asiye na hatia, sheria ya mauzo ya bidhaa humwambia kwamba kwa kawaida hawezi kupata umiliki ambao muuzaji mwenyewe hakuwa nao.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 nayo huutazama msumeno ukiwa msituni. Kukata mti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa, na vifaa vilivyotumika vyaweza kutaifishwa. Lakini kati ya bandari na msitu kuna maduka, mafundi, madalali na mpaka, na katika safari hiyo yote mashine haiachi alama. Mlima Elgon, unaomilikiwa na nchi zote mbili, ndiko pengo hilo linakoumiza. Msumeno ulionunuliwa upande mmoja waweza kuangusha mti upande wa pili na kurudi kabla ya alfajiri.

Nchi nyingine zimejaribu njia kali zaidi. Ufilipino ilipitisha mwaka 2002 sheria inayotaka kibali kwa kila anayeuza, kuagiza au kumiliki msumeno wa mnyororo. Ghana ilipiga marufuku mwaka 1998 upasuaji wa mbao za biashara kwa misumeno hiyo, lakini kazi yenyewe haikukoma. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mbao za soko la ndani iliendelea kutoka kwa wapasuaji hao, sasa wakiwa nje ya sheria. Funzo la Ghana ni kwamba marufuku yasiyotoa njia mbadala ya kupata mbao huzalisha magendo.

Kenya yenyewe ina mfano wa karibu zaidi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo kuwa na leseni na kuweka kumbukumbu za anachonunua. Anayenunua sufuria iliyopasuka ili ikayeyushwe hutakiwa kuandika. Ni vigumu kuona kwa nini anayenunua mashine inayoweza kuangusha mti wa miaka 100 kwa dakika chache asitakiwe kufanya vivyo hivyo.

Daftari kama hilo halihitaji mitambo. Jina la muuzaji, nambari ya mashine, tarehe na sahihi zatosha. Fundi angekuwa na kinga siku polisi wanapobisha hodi. Mnunuzi angekuwa na mtu wa kumrudia mashine ikifa baada ya wiki. Na askari wa msitu akikamata msumeno, angeweza kuufuata nyuma hadi alikotoka mwenyewe.

Mafundi nao wanahitaji kutambuliwa. Wengi walijifunza kazi kwa kuketi kando ya mwingine, na mikono yao inajua mambo ambayo vitabu havijui. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoa mitihani ya ufundi kwa watu wa namna hiyo, na fundi mwenye cheti ana cha kupoteza akiuza mashine isiyo na breki. Asiye na cheti hana.

Wapo watakaosema kwamba kuandikisha misumeno kutawaumiza wadogo na kuwaacha wakubwa, kwa kuwa mharibifu mwenye fedha hakosi njia. Hoja hiyo ina uzito. Daftari likigeuzwa kuwa chanzo kipya cha ada na hongo, fundi atarudi gizani, na msumeno pamoja naye. Ndiyo maana hatua ya kwanza haina budi kuwa nyepesi na ya bure, na ifanywe kwa pamoja na Uganda, la sivyo biashara itahamia ng'ambo ya mto.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huku mpakani sheria imekuwa ikikata upande mmoja tu, upande wa kijana anayekamatwa msituni akiwa na mashine mkononi. Waliomuuzia na waliofuta nambari yake hawaguswi na meno hayo. Kabla ya kumlaumu aliyeshika mpini, Nairobi na Kampala zina wajibu wa kuutia msumeno huo tupa.